Helikopta Ilipotua Msibani

Jumanne moja ya Agosti mwaka jana nilipoteza turubai la jumuiya, kitenge changu na heshima yote niliyokuwa nayo kisiwani kwetu, na kwa kuwa waliokuwepo bado wanaisimulia kwa kuongeza chumvi, heri niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa.

Tulikuwa tumemzika mume wangu juzi yake, watu bado wanalala msibani chini ya turubai, pembeni mwa uwanja wa mpira (ndipo mahali pekee tambarare, kwingine kote ni mawe na maji), na jioni ile wifi yangu Sabina, mdogo wake marehemu, aliyekuja kuzika na mimba yake kubwa, akaanza kutoka damu. Nesi wa zahanati akampima, akatoka nje akasema, "Huyu kwa mtumbwi hafiki Mwanza." Simu zikapigwa huku na kule mpaka ikapatikana helikopta, na rubani akazungumza na shemeji yangu Mabula, sote tumeizunguka simu.

"Usiku sioni ziwa linaishia wapi," alisema. "Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa, huku juu ni kama naona mji. Niwekeeni taa nne kwenye pembe za uwanja, nyingine zimeni. Na chochote cha kupeperuka ondoeni. Kitambaa kikinasa kwenye mapanga, tumekwisha."

Taa tukaweka, viti tukaondoa, likabaki turubai.

"Tulishushe," akasema Mabula.

Nikakataa. Mimi, ambaye tangu msiba uanze nilikuwa naitikia pole tu, nikasema matanga hayajaanuliwa, kushusha turubai sasa ni kama kumfukuza marehemu, waongeze kamba tu. Nani abishane na mjane? Wakaongeza kamba.

Basi ikaja. Kwanza mlio, unausikia kifuani kabla ya masikioni, kisha mwanga, kisha upepo ambao hata ziwa likichafuka sijauona, vumbi, masufuria, sinia la ugali vyote vikaenda zake, turubai likavimba, kamba zikaanza kukatika, nami (kwa akili gani sijui) nikarukia moja iliyobaki, likaninyanyua, likanibwaga, likaniburuta hadi katikati ya uwanja, na helikopta iliyokuwa imefika usawa wa mapaa ikapaa tena, ikaondoka juu ya ziwa.

Sabina yuko kitandani kando ya uwanja anamwita mama yake, mlio unazidi kwenda mbali, na mimi bado nimeshika kamba.

"Shemeji, liachie," Mabula akapiga kelele. "Liachie liende."

Nikaliachia. Likaruka likazama gizani majini, na kitenge changu kikalifuata.

Helikopta ikazunguka, ikarudi, ikatua, na taa yake kubwa ikanimulika nimepiga magoti ndani ya bukta ya mpira ya marehemu, namba tisa pajani. (Nilikuwa naivaa kwa siri tangu tumzike, harufu yake ilikuwa bado imo.) Kisiwa kizima kiliona. Akacheka mmoja, wakacheka wote, nesi anacheka huku anakimbia na dripu mkononi, na Sabina mwenyewe, wakimpitisha, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, mnacheza na timu gani?"

Walipoondoka hakuna aliyecheka tena. Mama mkwe akavua kitenge kimoja kati ya viwili alivyovaa, akanifunga kiunoni, tukakaa chini bila turubai, tukisubiri simu. Nikaapa pale pale kwamba rubani akisema ondoa, naondoa, hata kama ni paa la nyumba yangu.

Simu ikaita kabla hakujakucha. Nesi: mtoto wa kiume, mama mzima, ameongezewa damu nyingi lakini wazima wote.

Mama mkwe akalia kidogo, akajifuta, kisha akaniinamia ili wengine wasisikie.

"Hiyo bukta," akasema, "kesho nipe na mimi."