Boa wa Kinyozi Sugawara

Toyoko Minegishi nilifanya naye kazi miaka tisa kwenye jiko la vyakula vya kufungasha, hapa Sakata. Yeye alikuwa wa mayai: anayakunja tabaka kwa tabaka, anayakata, anayapanga juu ya wali. Mimi nilikaa upande wa kuku wa kukaanga. Hakuolewa. Alimuuguza mama yake mpaka akamzika, na baada ya siku arobaini na tisa za matanga, tukasikia amenunua nyoka.

Alikuwa boa jike, rangi ya kutu, akipigwa na jua ngozi inameta kama mafuta juu ya maji. Alimwita Azuki. Tulimcheka sana.

"Hana kelele, hatoi nywele, anakula mara moja kwa wiki mbili," alitujibu. "Waume zenu je?"

Urafiki wake na kinyozi Sugawara ulianzia hapo. Siku moja alipoketi kwenye kiti chake kukatwa nywele, mzee aliona gamba limenata kwenye sweta. Akalichukua kwa ncha za vidole, akaligeuza kwenye mwanga, akauliza, "Dada Toyo, wako ana miaka mingapi?" Kumbe naye alikuwa na boa wa aina ile ile, dume, mwembamba, jina lake Hotaru. Alimfuga tangu alipofiwa na mkewe. Kuanzia siku ile, kukata nywele za Toyoko kulichukua saa mbili.

Majira ya baridi yaliyofuata, Sugawara alilazwa akabadilishwe nyonga. Wiki tano. Akamletea Toyoko Hotaru na sanduku lake la kioo, na mkeka wake wa umeme wa kumpasha joto.

"Kila mmoja na sanduku lake," alimwambia. "Wasikutane hata dakika moja. Hawa si paka, Dada Toyo."

"Nimesikia, Fundi."

"Hasa siku ya chakula."

"Fundi, nenda ukapasuliwe. Nimesikia."

Alisikia kweli, hilo hajawahi kulikana. Lakini nyumba yake ni ya vyumba viwili, masanduku yalijaza sebule, na kila siku ni maji mara mbili, kinyesi mara mbili, kupima joto mara mbili, baada ya kusimama jikoni tangu alfajiri. Halafu Hotaru alikuwa anajikunja kwenye kona moja tu. Toyoko akaona ni upweke. Jumapili moja akamnyanyua, akamweka kwa Azuki.

Wakalala wamegusana, kichwa cha mmoja juu ya mgongo wa mwingine. Aliniletea picha kazini. "Tazama," aliniambia, "mzee anaogopa bure." Nilitazama, nikasema wanapendeza.

Siku kumi zikapita salama. Siku ya chakula ikafika, na Toyoko akafikiri inatosha kuwatenga kwa umbali ndani ya sanduku lile lile. Akayeyusha panya wawili wa kugandishwa, mmoja akamweka huku, mwingine kule. Kila mmoja akadaka wake. Akatoka kuondoa theluji mlangoni, maana mwanamke wa posta alikuwa ameteleza hapo jana yake. Hakukaa nje hata nusu saa.

Aliporudi, Azuki alikuwa amemaliza panya wake, akafuata harufu ya wa pili. Panya huyo bado mkia ulikuwa unaning'inia kinywani mwa Hotaru. Azuki akaanzia kwenye mkia huo, na alipofika kwenye kichwa cha mwenzake hakusimama. Toyoko alikuta mwili wa Hotaru umeshaingia mpaka katikati, nusu iliyobaki inajikunja polepole.

Akawamwagia maji baridi. Akashika, akavuta, akaona meno yamezama. Akapiga simu dukani alikomnunua Azuki.

"Usivute, mama," kijana wa duka alimwambia. "Utawaua wote wawili. Yule wa ndani ameshakwenda."

Basi akaketi sakafuni, akatazama mpaka ncha ya mkia ikapotea.

Siku ya tatu Azuki akamtapika. Toyoko akamkunja kwenye kitambaa, akampeleka pale wanapochoma wanyama wafu, akapewa chungu kidogo cha majivu. Nacho ndicho alichokwenda nacho hospitali.

Alikuwa amepanga kusema kweli. Lakini Sugawara alikuwa kitandani, amekonda, na kabla hajafungua mdomo mzee alishaona chungu. "Nini kimempata?" Na Toyoko akasikia sauti yake mwenyewe ikisema mkeka wa umeme ulikufa akiwa kazini, baridi ikamwahi.

Sugawara akakipokea chungu. Kisha akasema, "Ni mimi. Ule mkeka umechoka siku nyingi. Nilijua, nikakupa hivyo hivyo." Akainamisha kichwa. "Nisamehe kwa kukutwisha haya, Dada Toyo."

Naye akakubali kuombwa msamaha.

Kesho yake alinieleza yote, mikono ikiwa kwenye mayai. Nami ndimi niliyemwambia anyamaze. Nilisema, "Mzee ameshaamini, ameshalia. Ukimwambia sasa unamuua Hotaru mara ya pili." Nilijiona nina busara. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwona Toyoko akilia katikati ya oda za mchana.

Akanyamaza miezi miwili. Mayai yake yakaanza kuungua, na hayakuwahi kuungua.

Theluji ilipoyeyuka, Sugawara alifungua tena duka lake la kunyolea, anatembea na fimbo. Toyoko akaenda. Kile chungu kilikuwa karibu na picha ya marehemu mkewe, ubani unawaka. "Namwomba radhi kila asubuhi," mzee alisema huku akimfunga kitambaa shingoni. Kisha akatoa boksi kwenye droo: mkeka mpya wa umeme. "Wa Azuki. Yasimpate ya mwenzake."

Toyoko akasema papo hapo, akimtazama kwenye kioo. "Mkeka wako ulikuwa mzima, Fundi. Niliwaweka pamoja. Azuki alimmeza."

Mkasi ukasimama. "Siku ya chakula?"

"Siku ya chakula."

Akamalizia kukata, pande zote mbili sawasawa, akakung'uta kitambaa. "Ya nyoka ningekusamehe leo leo," alisema. "Lakini nimeamka kila siku nikijilaumu, na wewe ulijua. Nenda nyumbani."

Majira yote ya joto hawakusalimiana. Vuli, Sugawara akagonga mlangoni kwake, bila kupiga simu. Akasema anataka kuambiwa ilivyokuwa, tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Wakaketi mbele ya sanduku la Azuki, na Toyoko akasema: Jumapili ile, picha, panya, theluji, kitambaa. Ilichukua muda wa chai kupoa. Mzee akauliza swali moja, kama Hotaru aliteseka sana. Toyoko akajibu, "Sijui. Alijikunja kwa muda." Sugawara akaitikia kwa kichwa, akanywa chai ile baridi.

Sasa Toyoko ananyolewa kwake tena, dakika ishirini tu. Alimweleza kila kitu, ila hakunitaja. Mume wangu naye hunyolewa pale kila mwezi. Mimi humsubiri nje, hata mvua ikinyesha.