Siku Niliyotupa Chakula cha Mama

Mama yangu anaishi karibu na Mabanga, si mbali na mji wa Bungoma. Mimi naishi Kitale, ambako nafundisha shule ya msingi. Sebuleni kwake kuna kabati la mbao, na ndani yake huweka vitu vya dukani ambavyo yeye mwenyewe hagusi: biskuti, tambi, majani ya chai, mkebe wa maziwa ya unga. Husema ni vya wageni. Wageni wenyewe ni mimi na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita.

Jumamosi moja tulitoka Kitale asubuhi na mapema. Nilikuwa nimenunua pakiti nne za maziwa kwenye friji ya duka kuu, nikaziweka kwenye buti la gari. Tulipofika Kiminini nikapita kumwona mwalimu mwenzangu aliyekuwa amejifungua. Nilipanga kukaa nusu saa. Tukapikiwa, tukala, mtoto akabebwa na kila mtu, na tulipoondoka jua lilikuwa kali utosini. Kwa mama tulifika saa nane mchana.

Binti yangu alitaka maziwa. Nikammiminia kikombe, na mama akamfungulia pakiti ya biskuti. Mtoto akaonja maziwa, akakunja uso.

"Mama, hii maziwa ina ladha mbaya."

Nikageuza pakiti, nikasoma tarehe. "Bado siku tatu. Kunywa."

Akanywa, kwa sababu nilikuwa nimesema.

Jua lilikuwa halijazama alipoanza kutapika. Alitapika mara tatu, tumbo likimsokota, na mama akakaa naye chini kwenye mkeka akimnywesha maji yenye chumvi na sukari kijiko baada ya kijiko. Mimi nilikuwa nazunguka nyumba nikitafuta wa kulaumu. Nikaichukua pakiti ya biskuti. Tarehe yake ilikuwa imepita miezi miwili.

"Mama, unampa mtoto vitu vimeoza?"

"Biskuti haijaoza," akasema taratibu, bila kuacha kumnywesha.

"Imeandikwa hapa! Wewe huwezi kusoma haya maandishi madogo, mimi naweza."

Akajaza kijiko kingine. Mtoto alitulia, akalala.

Asubuhi ya Jumapili mama akaenda kanisani, nami nikabaki na mtoto. Nilifungua lile kabati na kusoma pakiti moja baada ya nyingine. Kila pakiti niliyoona tarehe yake imepita, niliitoa. Biskuti zote, tambi, chai, hata ule mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa haujafunguliwa. Nikavipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya jikoni, nikavipasua ili mtu asije akaviokota. Nilijiona mama mwenye bidii.

Mama aliporudi alikuta kabati karibu tupu. Alisimama mbele yake na kitambaa chake cha kanisa bado kichwani, Biblia kwapani.

"Hiyo yote nilikuwa nimewekea nyinyi," akasema. Kisha akaenda kubadilisha nguo.

Niliondoka mapema. Kwa kuwa mtoto bado alikuwa mnyonge, nilipita kwanza kliniki mjini Bungoma, nikiwa na ile pakiti ya biskuti iliyofunguliwa, ambayo nilikuwa nimeibakiza, na ile ya maziwa kwenye mfuko wa plastiki, kama mtu anayepeleka ushahidi. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa hijabu nyeupe. Alimpima mtoto, akasema anaendelea vizuri, kisha akanyoosha mkono apokee mfuko.

Aliisoma pakiti ya biskuti. "Hii tarehe inasema biskuti itakuwa bora kabla ya siku hii. Ikipita, inaweza kulainika, utamu upungue. Kama pakiti haikuwa imepasuka na haina kuvu wala harufu, sidhani ndiyo ilimwangusha." Akaichukua ya maziwa. "Hii ni nyingine. Hii ni ya mwisho wa kutumia. Ikipita, usijaribu."

"Lakini haijapita," nikasema haraka.

"Ilikuwa imewekwa wapi?"

"Kwa friji. Dukani."

"Na baada ya duka?"

Nikazikumbuka zile pakiti. Niliona buti la gari limesimama kwenye jua la Kiminini.

"Si unaona hapa chini?" akasema, akinionyesha mstari mdogo kwa kidole. "Iwekwe kwa baridi. Hiyo tarehe inahesabu kama umefanya hivyo. Usipofanya, haikusaidii kitu."

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Njia ya kurudi Kitale inapita Mabanga. Nilipofika kwenye kona ya kwa mama nilipunguza mwendo, nikaona paa la nyumba yake juu ya mahindi, na sikukata kona. Nilijiambia mtoto amechoka. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Kesho yake, nikiwa jikoni kwangu, nilichukua mkebe wa maziwa ya unga, wa aina ileile niliyoitupa. Chini yake kulikuwa na tarehe mbili. Ya kwanza ilikuwa siku ya kutengenezwa. Ya pili, ya mwisho wa kutumia, ilikuwa mbali bado, zaidi ya mwaka. Kwa mama nilikuwa nimesoma ya kwanza tu, kwa hasira, na kuutupa mkebe mzima. Mimi, mwalimu, ninayewaambia watoto wasome swali hadi mwisho.

Kwa wiki mbili mama alipokea simu zangu kwa maneno machache. Tumeamka. Mvua imenyesha. Salimia mtoto. Jumamosi ya tatu nilirudi peke yangu. Nikamkuta akichambua karanga kwenye ungo, nikaketi karibu naye, nikamweleza yote: kliniki, gari, mkebe. Nilimwambia nimekosa.

Akaendelea kuchambua. "Mimi nilijua ni maziwa. Nilinusa kikombe alipoanza kutapika."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ulikuwa umesema wewe ndiye unajua kusoma."

Nililia. Aliniacha nilie kidogo, kisha akanisukumia ungo. "Toa zile nyeusi na zile zimekunjamana. Hizo zina kuvu, tunatupa."

Karanga zilikuwa za kikundi chao cha akina mama wa kanisa. Walikuwa wakisaga siagi ya karanga na kuiuza kwa majirani, lakini mwenye duka mmoja mjini alikuwa ameikataa kwa sababu chupa zao hazikuwa na tarehe. Mama alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi.

"Sasa niambie wewe," akasema. "Hiyo tarehe, mtu anaitoa wapi?"

Sikujua. Miaka yote nilikuwa nimezisoma kama amri, sikuwahi kujiuliza nani ameziandika.

Tulienda kuuliza kwenye chuo cha wakulima cha pale Mabanga. Mwalimu aliyetupokea aliwaambia mama na wenzake waweke kando chupa kadhaa za siku moja, wazifunge vizuri, waziweke mahali pakavu pasipo na jua, na wafungue moja kila mwezi: watazame, wanuse, waonje, waandike. Alitaka pia sampuli zipimwe maabara kabla ya kuuza dukani, kwa sababu sumu ya kuvu ya karanga haionekani kwa jicho wala kuonjwa kwa ulimi.

Mama alinunua daftari la kurasa thelathini na mbili. Kila mwezi alinipigia simu kama mtu anayesoma habari za redio. Mwezi wa kwanza: nzuri. Wa pili: nzuri, mafuta yamepanda juu. Wa tano: bado nzuri, ati hata mchungaji ameikubali. Wa saba: "Bana, hii imeanza kunuka kama mafuta ya zamani." Wakakubaliana kuandika miezi mitano. Majibu ya maabara yaliporudi vizuri, waliagiza karatasi za kubandika. Mama alishikilia zichapwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, imetengenezwa lini na itumike kabla ya lini, na chini yake: weka mahali pakavu, funga baada ya kutumia.

Safari hii mwenye duka alizichukua chupa zao.

Mwaka huu kikundi cha akina mama wa Cheptais kiliwaomba waende kuwaonyesha kazi, na waliyemchagua kusimama mbele ni mama. Alinisimulia baadaye jinsi alivyoinua chupa na kuwauliza wanaona nini. Mmoja akasema tarehe.

"Nikawaambia hiyo ni ahadi yetu," mama alisema. "Sisi tumeweka yetu. Wewe ukifika nyumbani, weka yako."

Kisha akaniambia wamemwalika tena, na kwamba anahitaji miwani ya kusomea maandishi madogo.