Nyayo za Mama Mkwe kwenye Mchanga wa Gofu

Majina yao yote ninayo kichwani, ya kila Mzungu aliyecheza gofu Tabora enzi za Mwingereza, na ya mbwa wao pia. Sitayaandika. Mtu mzima anayesimama juani asubuhi nzima akibishania alama ya kisigino, jina lake lipumzike.

Kwanza mjue uwanja wenyewe ulivyokuwa, maana wajukuu zangu wakiona gofu kwenye televisheni wanaona majani ya kijani kama zulia. Kwetu yangetoka wapi? Kiangazi cha Tabora kinakausha hata miiba. Kwa hiyo pale penye shimo la kuingizia mpira walitengeneza duara la mchanga, wakalimwagia mafuta machafu ya magari ili upepo usilipeperushe. Mchanga mweusi, laini, unanuka gereji. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuutunza. Aliburuta juu yake ubao uliofungwa gunia, taratibu, mpaka duara likawa kama uji uliopoa bakulini. Kazi hiyo ilikuja na chumba cha bati nyuma ya klabu yao, na mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, nimekaribia kabisa. Kazi ikienda na chumba kinaenda. Tulilijua hilo bila kuambizana.

Sheria zao alinifundisha mhudumu wa baa, mtu wa mjini wa kanzu nyeupe, aliyewamiminia pombe ambayo mwenyewe hakuionja. Kizungu alikijua sana. Aliniita shemeji kwa sababu ya urafiki wake na mume wangu.

"Mpira ukitoboa mchanga, shemeji, mumeo anaitwa anafuta. Lakini kiatu cha mchezaji kikikwaruza, hakifutwi mpaka wamalize. Anayefuata apigie humohumo."

"Viatu vyenyewe si vina misumari?"

"Vina misumari."

"Na ng'ombe akikanyaga?"

"Ng'ombe anafutwa."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mwenzako anakuchimbulia njia kwa misumari, unaambiwa bahati yako mbaya. Ng'ombe asiye na habari anakanyaga, mambo yanasawazishwa. Halafu watu hao ndio walikuja kutufundisha haki barazani.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Ipole kungoja mtoto, na asali yake kwenye kibuyu. Tulimwita mayu, yaani mama, kama kwetu wanavyosema. Njia ya kuja kwetu ilikatiza uwanjani, nayo ilikuwa njia ya zamani ya misafara, ile ya pembe za ndovu kwenda pwani. Wazungu waliikuta wakaupanga mchezo wao juu yake. Babu yake mayu alikuwa mpagazi. Wapagazi wengi walifia njiani wakafukiwa pembeni, hakuna jiwe, hakuna jina, na mwenzao anayefuata anabeba mzigo wao.

Sasa mayu anapita pale jioni, anaona nini? Duara limefagiliwa vizuri. Katikati pana shimo, na juu ya shimo bendera. Wanaume wazima wamelizunguka, wamenyamaza, mmoja amevua kofia ameinamisha kichwa, na hakuna anayekohoa.

Akamuuliza mume wangu, "Wanamwinamia nani pale?"

"Hakuna mtu, mayu. Wanacheza mpira."

"Mpira? Watu wanacheza mpira kimya kama wako msibani? Usinidanganye. Wamemkumbuka nani?"

Mume wangu akacheka, akaenda kuoga. Hakumweleza zaidi, na mimi sikuongeza neno.

Kesho yake ilikuwa siku ya kugombea kombe. Mume wangu alilainisha duara mapema akaenda kwenye maduara mengine. Mayu akachukua unga wa mtama, akauchanganya na maji kwenye kata, akaenda pale. Akavua ndala pembeni kwa heshima, akapiga magoti, akamimina karibu na shimo, akawaomba waliolala chini ya njia ile wanishike mkono siku yangu ikifika. Ndivyo tunavyowaomba wazee wetu. Kisha akarudi zake, ameridhika.

Wachezaji wa kwanza kufika walikuwa wawili, bwana wa reli na bwana mifugo. Mpira wa bwana wa reli ukabingirika vizuri, ukaingia kwenye alama ya kisigino cha mayu, ukakaa kama yai kwenye kiota. Shimo nalo limezungukwa na weupe wa unga.

Makelele yaliyozuka! Sisi tuliokuwa nyuma ya klabu tulitoka wote. Mayu akatangulia, akawaamkia kwa adabu, "Mwangaluka." Hakuna aliyeitikia, ila waliona miguu yake ilivyojaa mafuta meusi wakajua kisigino ni cha nani. Katibu wa klabu akaja na kijitabu cha sheria, anafunua, anafunua.

"Wanasemaje?" nikamuuliza mhudumu wa baa.

"Kitabu kinamjua mchezaji, shemeji, na kinamjua mnyama. Mtu mwingine hakimjui. Mama akiwa mchezaji, alama yake haifutwi. Akiwa mnyama, inafutwa."

"Wanaamua kama mama mkwe wangu ni mnyama?"

"Ndicho wanachopigia kura."

Bwana mifugo, ambaye wanyama ndio kazi yake, alishika kiuno akasema huyu mama si mnyama hata kidogo. Nusura nimpende. Kumbe alitaka mpira wa mwenzake ubaki kwenye alama ya kisigino! Bwana wa reli naye, mwekundu kama nyanya, akashikilia kwamba ni mnyama kwa maana ya sheria. Kwa maana ya sheria, alirudia, kana kwamba hapo matusi yamepakwa sukari.

Katibu akafunga kitabu. Mnyama. Akamgeukia mume wangu kwa Kiswahili chake kibovu: "Wewe futa. Kesho mama hapana pita hapa."

Mume wangu alikuwa ameshashika kamba ya ubao. Akaniangalia tumbo. Nami nilimkazia macho, nayo macho yangu yalisema: futa, twende tukalale kwenye kitanda chetu. Mayu akauliza kwa Kinyamwezi wanataka nini. Mwanawe hakuweza kumtafsiria.

Kisha akasema, "Bwana, hapa hajapita mnyama. Amepita mama yangu." Akaiachia kamba.

"Futa, au kazi basi."

"Basi."

Bwana wa reli akaurukia ubao mwenyewe. Bwana mifugo akapiga yowe: mchezaji haruhusiwi kufuta njia ya mpira wake, akigusa ameshindwa! Kitabu kikafunguliwa tena. Ni kweli. Wakamwita mhudumu wa baa afute yeye. Akaitazama kanzu yake, akautazama mchanga wa mafuta, akasema kwa upole, "Nikichafuka, bwana, nani atawamiminia?" Hilo likawatia wasiwasi kuliko yote.

Tukaenda kufungasha. Mkeka, sufuria, kibuyu, nguo za mtoto. Nilikuwa na hasira na mume wangu, sifichi, kwani mgongo uliniuma na lori la Ipole halina huruma. Mayu alielezwa yote njiani. Halafu akauliza, "Yule mwekundu, mama yake yu hai?" Hatukujua. "Masikini," akasema, akajitwisha mkeka wangu juu ya mzigo wake.

Njia ya zamani ilitupitisha tena kando ya duara. Walikuwa bado wamesimama pale, kofia mkononi, wameinamia kisigino cha mama mkwe wangu. Hakuna aliyekohoa.