Nilivyompigia Kobe Polishi

Jamani, hata kuwasimulia naona haya, lakini kwa kuwa Mama Mshila wa ushirika wetu ameshaisambaza habari hii mtaa mzima wa Kaloleni, heri mnisikie mimi nikijisuta kuliko mkaipate kwake na chumvi yake.

Mjukuu wangu Wakesho alikuwa na kobe. Alimwokota barabara ya Kasigau, amegongwa na gari na gamba limepasuka, akamtibu mpaka akapona, akampa jina Babu kwa sababu (nilicheka siku hiyo) eti anatembea kama marehemu mume wangu Mwadime akitoka kanisani. Lakini kobe ni mnyama wa porini, humfugi hivi hivi, lazima kibali, na afisa wa wanyamapori alikuwa aje kukagua makao yake kwanza. Kwa hiyo Wakesho akamjengea kizimba cha matofali nyuma ya nyumba, akaweka magunia ya udongo na mchanga kando, akaniambia, "Nyanya, naenda Wundanyi kwa mafunzo ya kazi, nitarudi siku ile ile afisa anakuja. Wewe mwaga tu huu udongo, utandaze, umwingize Babu, basi."

Ningemwaga, yangeisha. Lakini niliyaangalia yale magunia nikajiuliza, mtu wa serikali aje akute vumbi kwa Mama Mghoi? Mimi, ambaye tangu niolewe hajaingia mgeni kwangu sakafu haijapigwa polishi? Nikamwita fundi Mwakio, jirani yetu, animwagie simenti.

"Mama Mghoi, kobe na simenti wapi na wapi?"

"Wewe shika mwiko, Mwakio."

Akailainisha kama sahani. Ilipokauka nikapiga magoti (na goti langu hili bovu), nikapaka polishi nyekundu, nikasugua na kipande cha blanketi mpaka nikayaona meno yangu, yale yaliyobaki. Na kama hiyo haitoshi, nikawaita akina mama wa ushirika waje washuhudie mjukuu wangu akipewa kibali, nikakaanga na mandazi. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Siku yenyewe nikamwingiza Babu asubuhi, nikakimbilia chai yangu, sikumtazama mara ya pili. Wakesho akafika na mkoba begani, afisa naye nyuma yake, kijana mpole mwenye viatu vikubwa. Kabla mtoto hajatia neno, nikamzuia afisa mlangoni mwa kizimba.

"Baba, samahani, vua viatu. Nimepiga polishi."

Akanitazama, akavua. Akaingia na soksi, hatua moja tu, miguu ikaenda huku na yeye akaenda kule, akakaa chini puu! Suruali yote nyekundu.

"Mama Mghoi, umeiangusha serikali!" akapiga kelele Mama Mshila, na akina mama wote wakashikana mabega kwa kicheko, na mimi pia nikacheka (Mungu anisamehe), mpaka nikaona afisa hacheki, wala Wakesho hacheki, wote wawili wanamtazama Babu.

Babu alikuwa amelala tumbo katikati ya ile sakafu yangu, miguu minne imetanuka pembeni, anaichapa sakafuni, anaichapa, hasogei. Afisa akamwinua. Nyayo nyekundu, tumbo jekundu, na mguu mmoja wa nyuma unaning'inia.

"Sakafu hii ameiweka nani?"



"Ni mimi," nikasema.

"Mama, kobe anashika ardhi kwa kucha. Hapa atashika nini? Ameteguka huyu, na kibali siwezi kutoa."

Wakamfunga Babu kwa leso yangu, wakampakia kwenye gari apelekwe kwa daktari wa wanyama. Akina mama wakaondoka mmoja mmoja, mandazi hakuna aliyegusa. Nilingoja Wakesho anifokee, ningefurahi angenifokea. Alisema tu, polepole, "Lakini Nyanya, udongo si ulikuwa hapo hapo?"

Mguu umepona, tumeambiwa, ila Babu atabaki kwenye hifadhi ya wanyamapori na kobe wenzake. Wakesho humtembelea Jumapili baada ya ibada. Mimi hajaniambia twende, na sijathubutu kuomba. Ila nimeapa: kitu cha mtu sitakirembesha tena kwa sababu ya macho ya wageni, na nikiachiwa mnyama mwingine (sidhani), nitatazama miguu yake kwanza kabla sijamchagulia pa kukanyaga.