Magadi Kwenye Sufuria ya Pili

Leonida alikuwa mama wa macho yasiyotulia. Shule aliiacha darasa la tano mama yake alipougua, lakini udongo aliujua kama mtu anavyojua tabia za wanawe: upi utapasuka motoni, upi utavumilia. Ndiyo maana mwaka wa 1996, baraza la mji wa Homa Bay lilipotafuta wanawake wa kufinyanga majiko, Susana, mwenyekiti wa kikundi chao, alimtaja yeye kwanza.

Mji ulikuwa unakula miti. Kila hoteli na kila shule ilipikia mafiga, na malori ya kuni yaliyokuwa yakijaa hapo Ndhiwa sasa yalikwenda mbali zaidi kila mwaka. Baraza likasema, tusichome mti ambao hatujaupanda. Wanawake watengeneze majiko yanayobana moto, wenye hoteli wayatumie, na kila ukuni utakaochomwa urudishwe kwa miche kwenye miteremko ya kilima cha Got Asego. Baraza lingetoa ardhi na miche, wenye hoteli mbolea na maji, kikundi kingepanda na kutunza. Cephas, karani wa baraza, alikuwa na kazi ya kupima jiko linakula kuni kiasi gani, ili ijulikane ipandwe miche mingapi. Alipenda kusema kwamba moshi ukipanda, lazima yawepo majani ya kuupokea.

Jiko la kwanza lilijaribiwa nyuma ya hoteli ya Abdinasir, mfanyabiashara aliyetoka Garissa miaka mingi nyuma. Yeye akiridhika, wenye hoteli wengine wangefuata. Akikataa, kazi ya miezi minne ya kuchimba na kukanyaga udongo ingeishia hapo. Sufuria mbili, maharagwe kipimo kimoja, kuni kilo kumi kila upande. Susana alisimamia mafiga. Leonida alisimamia jiko.

Ila jiko lilikuwa halijakauka. Wiki nzima kulikuwa na manyunyu, na Leonida alijua, akaogopa kuomba siku zaidi asije akaonekana mvivu. Moto ukanuna. Udongo ukaanza kutoa maji pembeni.

"Mama Terry," Abdinasir alimwambia Leonida, "jiko lako linatoka jasho kuliko mpishi."

Watu wakacheka.

"Linaamka tu," Leonida alijibu.

"Liambie wateja wangu huamka kabla yake."

Sufuria ya Susana ilikuwa tayari inachemka. Leonida akahisi fundo kwenye pindo la leso yake. Ndani mlikuwa na magadi aliyonunua sokoni asubuhi hiyo, ya kupikia mboga jioni. Kila mwanamke wa kando ya ziwa anajua kazi ya magadi: ukitia kidogo, maharagwe magumu yanalainika upesi. Cephas alikuwa ameinamia daftari. Abdinasir alikuwa amegeuka kumjibu mkewe Kultum aliyeita kutoka mlangoni. Leonida akainama kama anayeonja. Na hakutia kidogo.

Mafiga yalikula kilo tisa. Jiko likala nne. Cephas alipima mara mbili kwa sababu hakuamini. Abdinasir akatafuna punje chache, akaonja tena, akasema, "Yameiva." Wanawake wakapiga vigelegele, na Susana akamkumbatia Leonida mbele za watu.

Leonida alijiambia kwamba jiko ni zuri kweli, na likikauka litashinda bila msaada. Hilo halikuwa uongo, na siku za mwanzo lilimtosha. Miche ikapandwa kwa hesabu ya kilo nne. Kisha wakubwa wa Migori wakaja kuangalia, wakapenda, wakaenda na majiko kumi pamoja na hesabu yake. Moja likawekwa katika shule ya bweni ya wasichana alikosoma Terry, binti yake wa pekee.

Muhula wa tatu, siku ya wazazi, Leonida alimkuta Terry amekonda mashavu.

"Mama, siku hizi tunakula maharagwe kama changarawe."

"Mpishi wenu hajui kazi?"

"Bhoke anajua. Kuni ndizo zinaisha kabla hayajaiva. Mwalimu mkuu anasema anaziiba anauza. Ijumaa kamati inakaa, na wanasema atafukuzwa."

"Yeye mwenyewe anasema nini?"

"Anasema jiko linakula kuliko ilivyoandikwa kwenye ile karatasi ya hesabu. Wakamwambia karatasi imetoka kwa baraza, na aliyepika siku ya kupimwa ni mama yangu." Terry alitazama viatu vyake. "Mimi nilijivuna, Mama. Lakini wasichana walipoanza kumwita mwizi, nikanyamaza."

Leonida akaenda jikoni peke yake. Bhoke alikuwa mjane mwenye watoto, kutoka Ntimaru, mwanamke mpana mwenye kovu la moto mkononi. Ukutani, juu ya jiko, kipande cha katoni kilikuwa kimeandikwa kiasi cha kuni za kila siku. Leonida alilitambua jiko mara moja. Alama ya kidole chake gumba ilikuwa bado kwenye mdomo wa jiko.

"Ni wewe mama wa jiko?" Bhoke aliuliza.

"Ni mimi."

"Basi karibu unionyeshe. Mkono wako una nini ambacho wangu hauna?"

Jibu lilikuwepo. Lilifika hadi kwenye ulimi. Lakini Leonida aliona wazazi wakipita dirishani, akamwona Terry amesimama nao, akasema, "Lichochee polepole."

Bhoke akasukuma ukuni mmoja ndani, taratibu. "Asante," akasema, akarudia sufuria yake.

Neno hilo ndilo lililomvunja. Magadi aliyatia kwa hofu, na hofu hupita. Lakini hili la jikoni alilisema akimwona mtu usoni, akijua watoto wa mtu huyo watakosa cha kula kuanzia Jumamosi. Nyumbani chakula kilimshinda. Kila alipofunga leso, vidole vyake vilipapasa pindo, kama vinatafuta fundo.

Jumatano asubuhi alikwenda ofisini kwa Cephas. Akamkuta Susana, na Abdinasir akiuliza habari za miche. Alikuwa ameomba Mungu amkute Cephas peke yake. Akasimama mlangoni, akasema yote bila kukaa.

Susana ndiye aliyesema kwanza. "Ungeniambia lina unyevu, tungengoja wiki moja. Wiki moja tu, Leonida." Hakumwita Mama Terry.

"Mimi nilionja," Abdinasir alisema taratibu. "Yalikuwa na ladha ya sabuni. Nikadhani ndivyo mnavyoyapenda huku."

"Mbona hukusema?"

"Mtu amekupikia, utamwambia chakula chake sabuni?" Akatikisa kichwa. "Kumbe ningesema."

Cephas alifungua daftari, akapiga mstari juu ya ile nne. "Na miche pia tumepanda pungufu," alisema, kama anayejisemea. "Tupime upya. Kesho, huko huko shuleni, kabla kamati haijakaa."

Alhamisi wakapima. Safari hii Bhoke alipika, maharagwe kipimo kile kile, na jiko lilikuwa limekauka kama mfupa. Mwalimu mkuu alisimama kando, mikono nyuma. Leonida aliambiwa akae kwenye benchi la mbali, akakaa, viganja juu ya magoti ili kila mtu avione. Terry alikuwa dirishani na wenzake. Kwa mara ya kwanza Leonida alitamani binti yake asingefanana naye.

Jiko likala kilo sita. Lilikuwa jiko zuri. Theluthi nzima ya kuni za mafiga lilikuwa linaokoa, kwa haki, bila mtu kulisaidia, na hilo lingemtosha kila aliyekuwa pale.

Mwalimu mkuu akang'oa katoni ukutani. Akamwomba Bhoke msamaha mbele ya wasichana, kwa sauti ndogo kuliko aliyotumia kumshutumu. Cephas akahesabu miche iliyopungua Got Asego, akapata mia tatu na arobaini.

"Maji ya hiyo miche niandikie mimi," Leonida alisema kutoka kwenye benchi. "Hadi isimame yenyewe."

Cephas akaandika. Susana aliangalia kwingine.

Bhoke akapakua. Akampa karani, akampa mwalimu mkuu, akawapa wasichana. Mwisho akavuka jikoni na sahani moja, akaiweka juu ya magoti ya Leonida, katikati ya viganja vyake.

"Kula," alisema. "Yameiva bila kitu."

Leonida akatia kijiko mdomoni. Yalikuwa laini, yana chumvi ya kutosha. Bhoke alibaki amesimama mbele yake, akingoja ameze.