Mkopo wa Adila na Minazi ya Bi Mosi

Adila Ramadhan, mpishi mkuu wa chuo kimoja mjini Bagamoyo, alikuwa amepanga nyumba ya vyumba vitatu mtaani kwetu Nianjema kwa miaka kumi na mmoja, alipoambiwa na mwenye nyumba, Mzee Mbaruku, kwamba inauzwa.

"Ninahamia Miono kwa binti yangu," alisema mzee. "Yuko mtu wa Dar es Salaam mwenye fedha mkononi. Lakini wewe umeishi humu bila kunitia aibu hata siku moja. Nakupa siku sitini. Zikipita, usininunie."

Akiba ya Adila ilitosha robo tu ya bei. Sehemu iliyosalia ilimpasa kuikopa, naye hakuwa amewahi kukopa hata sufuria.

Wenzake wa jikoni walimshauri atafute riba ndogo, basi. Adila aliliona hilo kuwa nusu ya shauri. Alikuwa amewanunulia wanafunzi mchele kwa miaka mingi, akajua kwamba muuzaji mwema hujulikana siku gunia linapotoka na mawe. Kwa hiyo aliandika maswali mawili kwenye karatasi: hadi siku ya mwisho nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi? Na nikishindwa kulipa miezi miwili, mtanifanya nini?

Mkopeshaji wa kwanza, huko Dar es Salaam, alikuwa na ofisi yenye baridi iliyomlazimu Adila kujifunga mtandio upya. Riba yake ilikuwa ndogo kweli. Swali la pili, hata hivyo, afisa alilijibu kwa tabasamu.

"Mama, usijitabirie mabaya. Hatutafika huko."

"Na mkataba wenu nao unasema hatutafika huko?"

Afisa akatazama saa yake.

Wa pili alimwahidi fedha ndani ya siku tano, tena bila kuja kuiona nyumba. Alipoulizwa jumla, alisema kwamba kompyuta ndiyo inayokokotoa. Adila akamwomba aiamuru ikokotoe. Jumla ilitoka ikiwa imebeba ada ya maombi, ada ya bima, na ada ya tatu ambayo afisa mwenyewe hakuweza kuieleza. Adila alikunja karatasi yake, akashukuru, akaondoka. Siku thelathini na tatu zilikuwa zimekwisha.

Wa tatu ilikuwa kampuni ndogo ya mikopo ya nyumba, yenye tawi papa hapa Bagamoyo, juu ya duka la saruji na mabati. Afisa wake, Anold, mtu wa bara, mrefu na mzito wa kusema, aliandika jumla yote kwa mkono wake. Kisha akalijibu swali la pili.

"Mwezi wa kwanza nitakupigia simu. Wa pili nitakuja kwako, na kama una sababu ya kweli, tutapanga upya marejesho. Ukinikimbia, utapata notisi ya maandishi, na mwisho wake nyumba itauzwa."

"Umenitisha," alisema Adila.

"Ndiyo, mama. Afadhali nikutishe leo."

Jioni ile alinisimulia mimi jirani yake, akicheka, kwamba hakuwahi kutishwa kwa adabu namna hiyo, na kwamba amempata mkopeshaji wake.

Siku ya arobaini na mbili Anold alikuja kuikagua nyumba. Alipima kuta, akazunguka uani, akasimama.

"Minazi hii mitatu ni ya nani?"

"Ya nyumba, bila shaka," alijibu Adila.

Mzee Mbaruku, aliyeketi barazani, alikohoa. "Si ya nyumba. Marehemu baba aligawa: nyumba yangu, minazi ya dada yangu Mosi."

Adila alishika kiuno. Miaka yote hiyo alimwona Bi Mosi akija kuangua nazi, akadhani bibi anajichumia tu kwa haki ya undugu. Hata alikuwa akimbebea hadi kwenye bajaji!

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Hukuuliza. Ulisema unataka nyumba."

"Mwaka wangu wa kwanza hapa," alisema Anold, "niliidhinisha nyumba yenye mwembe wa mtu mwingine. Tangu hapo nauliza kila mti. Bila maandishi ya Bi Mosi, mama, sitaweza kutoa mkopo."

"Yule wa pili angekuwa amekwisha kunipa fedha!"

"Na Bi Mosi angepita uani kwako maisha yake yote, na wajukuu zake baada yake."

Kesho yake Adila na Anold walikwenda Kaole, kwa Bi Mosi.

"Na huyu mrefu ni nani?" aliuliza Bi Mosi, baada ya kuitikia marahaba mbili.

"Ni wa mkopo, mama."

"Unakopesha nyumba au unakagua minazi?"

"Vyote viwili, bibi," alijibu Anold.

"Basi mwambie kaka yangu aje mwenyewe. Anauza urithi wa baba, halafu ananitumia wageni!"

Mzee Mbaruku alijizungusha siku nne kabla ya kwenda. Aliporudi alikuwa amegombezwa vilivyo, lakini amekubaliwa. Bi Mosi alimuuzia Adila minazi kwa bei ya haki, akatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na siku ya hamsini na nane mkopo ukaidhinishwa.

Asubuhi ya kukabidhiwa ufunguo tulisikia vishindo uani. Mkwezi alikuwa juu ya mnazi wa tatu, na chini Bi Mosi alikuwa akijaza magunia: nazi, madafu, hata vile vichanga visivyo na maji.

"Bi Mosi! Si umeniuzia?"

"Nimekuuzia minazi, mwanangu. Nazi hatukuandikiana."

Anold alifungua jalada, akasoma mstari baada ya mstari. "Ni kweli," alisema kwa unyonge. "Hazimo."

Adila alicheka, akaketi kwenye kizingiti cha nyumba yake.