Aliyenigusa Bega Mtongwe

Leo nimeijibu pampasi ya mtoto kwamba mimi ni mzima.

Tunafanya mazoezi ya kubana pumzi baharini, hapo ufuo wa Mtongwe. Unalala kifudifudi, uso ndani ya maji, na mwenzako anakugusa bega mara kwa mara. Ukiwa mzima, unainua kidole.

Nikaguswa. Nikainua kidole.

Nikaguswa tena. Nikainua tena, na moyoni namshukuru mwenzangu Rukia kwa kunichunga.

Pumzi iliponiishia nikaibuka, nikaivuta ile ya kwanza kwa mdomo wazi.

Pampasi puani. Imefunguka.

Rukia yuko ufuoni, anakula viazi karai. "Si nilikuona wainua kidole, nikajua u mzima."

Wallahi natapika hadi sasa.

Na wewe uliyeitupa, mwanao anaharisha. Mpeleke hospitali.